Alhamisi Nilizorudi Mikono Mitupu

Nyasura, Bunda
Jumamosi, saa nane mchana

Mwanangu Wakuru,

Shuleni tulifundishwaga kwamba barua inaanza na mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Sasa wewe hauko mbali. Uko Butiama kwa bibi yako unaaga, jioni utarudi, na kesho alfajiri basi linakupeleka Mpanda ukaanze kazi ya serikali. Na mimi si mzima sana. Nimekaa kwenye meza ya mgahawa, nimefunga mapema, wateja wamegonga nikawaambia gesi imeisha. Gesi haijaisha. Unaona? Hata leo, siku niliyokaa kusema ukweli, nimeanza kwa kudanganya watu.

Habari za kuchemsha maji, kufunga mlango na kuchagua chumba chenye choo cha karibu sitakuandikia. Una miaka ishirini na saba, umefundisha chekechea, watoto sitini wanalia kwa pamoja na wewe unaimba. Mpanda haitakushinda. Nina jambo moja tu, na nimelizungukia tangu asubuhi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jana ulikuwa unapanga begi, mimi nakukunjia mashuka. Nikakuuliza, "Na dawa yako je? Nimeazima kiboksi cha barafu kwa yule jirani anayeuza aiskrimu." Hukuinua kichwa. Ukasema, "Mama, dawa iache humohumo kwenye friji." Nikadhani umenisikia vibaya. Ukarudia taratibu, bila hata machozi, na hapo ndipo niliogopa: "Nimechoka, mama. Dawa yenyewe inakatikakatika, leo ipo, kesho haipo. Na nilipokaa bila dawa nilishindwa kujizuia hata miezi minne. Kumbe tatizo ni mimi. Nina mwili mvivu na mdomo wa tamaa. Kwa nini nijichome sindano maisha yangu yote, na nidhamu yenyewe sina?"

Mimi nikalikunja shuka lilelile mara tatu, nikatoka nje kama naenda kuanua nguo. Kamba ilikuwa tupu.

Wakuru, dawa haikukatika. Aliyeikata ni mimi.

Soma tena hapo juu kama hujaamini, mimi mwenyewe nimesoma mara mbili. Ile miezi minne uliyokaa bila sindano, kila Alhamisi niliporudi kutoka Musoma nikakwambia "bado haijafika, mwanangu", dawa ilikuwepo. Siku ya kwanza tu ndiyo ilikuwa haipo kweli. Nyingine zote ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu, na muuguzi wa dirishani pale kliniki alinitolea boksi akaliweka mbele yangu.

Sasa nikueleze tangu mwanzo. Hutanielewa, na sikuombi unielewe. Nataka tu ujue ilivyokuwa, ili usiende Mpanda umebeba kosa la mtu mwingine ukidhani ni la kwako.

Unaikumbuka ile siku ya kwanza kwa daktari, mwaka juzi. Ulikuwa huwezi kupanda ngazi tatu za kanisa bila kushika ukuta. Presha juu, miguu imevimba, usiku unakoroma mpaka unajiamsha mwenyewe. Daktari alikupima, akakuuliza maswali bila kukucheka, akakuandikia ile sindano ya mara moja kwa wiki. Halafu akatugeukia wote wawili. Akasema: hii si dozi ya malaria, umeze siku tatu uoge uende shamba. Unene wa namna hii ni ugonjwa unaokaa, na dawa yake inakaa nao. Ukipungua si kwamba umepona, ni kwamba dawa inafanya kazi. Ukiiacha, njaa itarudi kama ilivyokuwa, na kilo nyingi zitarudi nayo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki, natikisa kichwa kama mjusi kwenye jiwe. Ndiyo daktari, ndiyo daktari.

Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma, siwezi kusema sikujua. Na nilikuwa na mfano nyumbani kwetu kabisa. Bibi yako alimezaga vidonge vya presha, akapimwa, akaambiwa presha imeshuka, akavitupa uani. "Imeshuka, vya nini tena?" Baada ya muda tukaitwa Butiama, mkono wa kushoto umelala na mdomo umeenda upande. Na mimi, badala ya kumpa pole, nilimgombeza mgonjwa kitandani. Nikamwambia, mama, presha ilishuka kwa sababu ya vidonge, ulidhani imeshuka kwa sababu ya uzuri wako? Watu wakacheka, na yeye akacheka kwa ule upande uliobaki. Leo ulipomshika ule mkono ulio baridi ukimuaga, kumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuwa na maneno mengi. Yeye aliacha dawa yake mwenyewe. Mimi nikaja kuacha dawa ya mtu mwingine.

Ulianza vibaya. Wiki za mwanzo ulitapika, choo kikafunga, ukasema heri unene. Ukavumilia. Halafu asubuhi moja ukaja jikoni, umesimama pale kwenye kizingiti na uso wa mtu aliyeokota kitu, ukasema, "Mama, nimesahau chai." Nikakuuliza umesahau kuinywa au kuipika? Ukasema, "Nimesahau kama ipo. Kichwani kumenyamaza, mama. Siku zote huwa kuna mtu ananiita kwenye chakula, sasa amenyamaza." Mimi nilikuwa nakaanga maandazi, na yule mtu wa kwangu alikuwa ananiita kwa sauti kubwa.

Ukaanza kupungua. Si kwa siku mbili kama matangazo ya wale wauza unga wa kukondesha kwenye stendi, taratibu tu, mwezi kwa mwezi. Ukaacha kukoroma. Ukapanda kilima cha Balili na wanakwaya wenzako, ukanipigia simu ukiwa juu, unahema na kucheka, unasema "Mama, naona ziwa!" Nikasema ziwa si hata pale Musoma unaliona bure? Lakini nilifurahi. Usidhani sikufurahi. Nilikata simu nikawaambia wateja wote, mtoto wangu yuko juu ya Balili.

Halafu midomo ya watu ikaanza. Unaijua midomo ya kwetu. Mtu akinenepa, anakula vizuri, ana mume mzuri, mambo yake safi. Mtu akikonda, ana kitu. Mteja analetewa ugali wa muhogo na sato, kabla hajanawa ananiinamia: "Mama Wakuru, mtoto ana nini? Mbona amekwisha?" Mwingine akaniambia siku hizi dawa zipo, wala nisione aibu, dada yake naye anazitumia na anaishi vizuri. Alikuwa na nia njema kabisa. Nikamshukuru, nikaenda nyuma ya mgahawa nikalia kwenye gunia la mkaa. Nilishindwa kutamka sentensi moja: mwanangu anatibiwa unene, anatumia dawa, na inamsaidia. Sentensi fupi kabisa hiyo. Niliona aibu ya dawa kuliko aibu ya uongo.

Ndipo wakaja wale wageni wa Butiama, shangazi zake yule kijana aliyetaka kukuposa. Nilichinja kuku wawili, nikakaanga sangara. Wewe ulipita na birika la kunawisha, umevaa kile kitenge cha bluu, na mimi nikakuona mzuri mpaka nikaogopa. Walikuwa wanakutazama mikono, shingo, mgongo, kama watu wanaochagua mtamba mnadani. Mkubwa wao akanifuata jikoni. Akasema, "Dada, tuongee kikubwa. Picha tuliyoonyeshwa ni ya msichana mwenye mwili. Huyu anaumwa? Sisi ng'ombe zetu hatuwapelekagi kwa mgonjwa." Nikamwambia haumwi. Akasema, "Haya, tutarudi baada ya mavuno. Mlisheni."

Mlisheni! Nilipaswa kumtoa jikoni kwangu na mwiko. Badala yake nilisema asante, nikamfungia mabaki ya sangara.

Mpaka hapo sikuwa nimepanga kitu. Ila nikueleze la fundi. Wiki ile ile nilimpelekea kitambaa cha gauni lako la siku ya posa, akauliza nikate kwa vipimo vyake vya sasa? Nikasikia mdomo wangu unasema, acha nafasi kwenye mishono, ya kuachilia baadaye. Fundi akaniangalia. Sikuwa nimeamua bado, nilijidanganya hivyo, lakini kitambaa kilishaambiwa.

Alhamisi iliyofuata nikaenda Musoma kuchukua samaki kama kawaida, boti za kisiwa cha Rukuba zilikuwa zimeleta sato wakubwa. Nikapita kliniki na hela uliyonipa. Muuguzi akasema dawa imechelewa, nirudi wiki ijayo. Nikarudi nikakwambia, na ulikuwa ukweli mtupu. Ukasema, "Basi tuvumilie, mama. Asante kwa kuhangaika." Wiki ya pili nikaenda, muuguzi akatabasamu, akaweka boksi dirishani, "Yenu hii hapa." Nikalitazama lile boksi. Nikasema, "Kaa nalo kwanza. Amesafiri."

Basi. Amesafiri. Neno moja. Nikashuka mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki, nikanunua samaki wangu, nikapatana bei, nikacheka na wavuvi. Jioni ukanipokea ndoo, ukauliza kwa macho tu, nikatikisa kichwa. Ukasema tena, "Asante kwa kuhangaika." Hela yako nikakurudishia mkononi, yote. Uaminifu wa ajabu huo, kurudisha hela na kuiba dawa.

Nilijiambia ni wiki chache tu. Arudishe nyama kidogo mashavuni na mabegani, wale wanawake wakirudi waone, halafu aendelee na sindano yake. Nilifikiri mwili ni kama sufuria, unaongeza maji unavyotaka, yakizidi unapunguza. Wakuru, na mimi ndiye niliyepungua mara tatu maishani mwangu! Kwa kabichi, kwa ndimu na maji ya moto, kwa kufunga mpaka nikaanguka kanisani. Mara zote tatu kilo zilirudi na wageni. Kilo si ng'ombe uliyemuuza akaenda zake, zinaijua njia ya kurudi nyumbani hata gizani. Nilijua hilo na mwili wangu mwenyewe, na bado nikakuchezea wa kwako.

Kuna lingine. Hili sijaliungama hata kwa padre, na nimeinuka kwenye kiti mara mbili nisiliandike.

Haikuwa wale wanawake peke yao. Tangu baba yako afariki, Mungu amrehemu, tulikuwaga tunakula sahani moja, mimi na wewe. Wale watoto wa mtaa walituita mapipa mawili, na wewe ulikuwa unawafukuza na ndala huku unacheka. Nguo zako nilivaa, zangu ulivaa. Ulipoanza dawa ukachukua kisahani chako kidogo, ukamaliza, ukasukuma kiti, ukaenda kusahihisha madaftari. Nikabaki na sinia. Nikawa nakula peke yangu, nimekutazama mgongo, na huo mgongo unapungua kila mwezi. Niliona unanihama kabla hata hujapata barua ya ajira. Na niliona wivu, mwanangu. Kwamba mimi nilipigana maisha yangu yote nikashindwa, nikaitwa mlafi hata na baba yako, na wewe umepata dawa umetulia. Mama anamwonea wivu mtoto wake kupona. Nimeiandika, nisiifute.

Ndiyo maana wiki ya tano ulipokuja ukakaa kwenye sinia langu na kuuliza kama kuna ugali umebaki, moyo wangu ulifurahi. Nikakumegea. Yesu wangu, nilikumegea na kukuchagulia mnofu wa kichwa cha samaki. Nilidhani mtoto wangu amerudi. Aliyerudi alikuwa ugonjwa wako, na mimi nilimfungulia mlango.

Siku moja nilitoka sokoni mchana nikakukuta jikoni umesimama, unakula kiporo cha ugali kwa mkono kutoka kwenye sufuria, na machozi yanadondokea humo humo. Ukasema, "Mama, yule mtu amerudi. Anapiga kelele kuliko zamani. Nashindwa hata kufundisha." Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Na mimi nikakwambia nini? Nikakwambia, "Jitahidi. Punguza ugali. Mdomo ndio adui wa mtu." Nilikwambia hivyo, mimi. Nimekufungia maji halafu nakucheka kwa kiu.

Hayo maneno ndiyo uliyonirudishia jana, mdomo wa tamaa. Ulidhani umeyatoa kichwani mwako. Hukuyatoa kichwani mwako, niliyapanda mimi. Wanasemaga kikulacho ki nguoni mwako. Ulitafuta nguo zote, ukajitafuta wewe mwenyewe, hukunitafuta mimi.

Ile siku ulipoanguka darasani, mwalimu mwenzako aliponipigia simu, nilikuwa nasonga ugali wa watu thelathini. Niliuacha motoni. Pale kituo cha afya wakapima, presha ile ya zamani imerudi, na imekuja na sukari, ambayo zamani hukuwa nayo. Mganga akauliza, "Alikuwa anatumia dawa gani?" Ukamjibu wewe, umelala, sauti haitoki, "Nilikuwa na sindano, ila iliadimika." Ukanitetea bila kujua. Mimi nikakazana kukufunika miguu.

Kesho yake, kwa muujiza, dawa ikawa imefika Musoma. Hukushangaa? Nilisali usishangae. Tukaenda kliniki pamoja, daktari akasema umekaa muda mrefu, huwezi kurudi pale ulipoachia, uanze upya na dozi ya chini upande polepole. Akauliza mbona ilikuwa hivyo. Nikadakia mimi haraka, "Matatizo ya nyumbani tu, daktari." Ukanitazama kwa shukrani. Ulidhani nakufichia aibu ya umaskini. Ukaanza kutapika upya, mwezi mzima, ukinawa uso unakwenda kufundisha. Kila ulipotapika nilikuwa nyuma ya mlango.

Na wale watu wa Butiama, wala hawakurudi. Mavuno yalipita, nikasikia kijana ameoa Tarime. Gauni lipo kabatini, mishono yake na nafasi yake.

Sasa kwa nini nakwambia leo, wakati ningeweza kunyamaza ukaondoka ukinipenda? Alhamisi hii nilikwenda Musoma nikamwambia daktari peke yake. Nilitegemea anifukuze. Aliweka kalamu chini, akauliza swali moja tu. "Umemwambia yeye?" Nikasema bado, nitamwambia akishatulia kazini. Akasema, "Mama, mgonjwa asiyejua kwa nini alianguka atajilaumu, na anayejilaumu anaacha dawa." Nikaona ni maneno ya wasomi. Kesho yake, jana hiyo, ukaniambia dawa iache kwenye friji. Hata siku mbili hazikupita.

Kwa hiyo nisikilize, kama unaweza kunisikiliza bado. Usiache dawa kwa sababu ya miezi ile minne. Miezi ile haikukupima wewe. Mwili wako haukuwa mvivu, ulifanya kile ambacho daktari alisema utafanya ukinyimwa dawa. Hata presha ya bibi ilifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyesema bibi hana nidhamu, tulisema bibi aliacha vidonge. Ukitaka kuiacha kwa sababu nyingine, imekuchosha, au inakuumiza, au siku moja unataka kubeba mimba, kaa na daktari muongee, huko Mpanda au kwa simu na huyu wa Musoma. Nimeuliza, amesema atakupokea simu na atakuandikia barua ya kumpa daktari wa huko. Lakini usiiache kwa uongo wangu. Hicho ndicho ninachoomba, na msamaha siombi leo. Kumwomba msamaha mtu anayesafiri kesho ni kama kumshika mguu kwenye mlango wa basi.

Nililojifunza mimi ni dogo, na limenigharimu wewe. Nilidhani mapenzi ni kumjua mtoto kuliko anavyojijua. Ulisema kichwani kumenyamaza, mimi nikaona umekonda. Ulisema naona ziwa, mimi nikasikia watu watasemaje. Nilikuzaa, nikadhani mwili huo bado una sehemu yangu. Hauna. Wanasemaga mficha uchi hazai, mimi nilizaa halafu nikaanza kuficha, na sasa nimechoka kuficha. Wateja wakiuliza wiki ijayo mtoto ana nini, nitawaambia. Ile sentensi fupi nimeifanyia mazoezi asubuhi, mbele ya sufuria la maharage. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka.

Na kuhusu mimi usiniulize kama nami nitaanza dawa. Daktari alinipima Alhamisi, akaniambia yaliyopo. Sijui. Naogopa, na pia naona sistahili kutulia kichwani wakati nilikunyima wewe. Najua huo nao ni ujinga. Acha kwanza.

Mama wengine wanaweka barua chini ya begi, mtoto aikute kule mbali, alie peke yake, na hasira yake iishie kwenye ukuta wa chumba cha kupanga. Nilitaka kufanya hivyo. Nilishainua nguo zako niiweke katikati ya sweta. Halafu nikaona ni ile ile tabia yangu ya dirishani, kusema neno na kuondoka. Kwa hiyo utaikuta kitandani, juu ya mto, uisome ukiwa bado hapa. Ukikasirika, unikasirikie mbele ya uso. Ukitaka kulala kwa rafiki yako wa kwaya leo, nenda, sitakufuata. Ukitaka kupiga kelele Nyasura nzima isikie, piga.

Kiboksi cha barafu kipo kando ya begi, tupu. Dawa ipo kwenye friji, rafu ya juu, nyuma ya bakuli la nyanya. Sijaigusa, na sitaigusa. Kesho saa kumi na moja ukiwa unatoka, wewe mwenyewe ndiye utakayefungua hiyo friji, au utakayeipita.

Nipo jikoni. Nimepika kidogo, na nimeweka sahani mbili.

Mama yako